Injini yenye supachaja ikigonga, sikiliza kwanza

Ndugu, unasema gari lako dogo lenye supachaja, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, linagonga ukipanda mlima, na fundi anataka kufungua injini. Mzuie kwanza, tafadhali.

Mlio ukiwa mwembamba, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, na unatokea ukikanyaga mafuta tu, basi petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda. Supachaja hubana hewa, hewa ikibanwa inapata joto, na petroli ya okteni ndogo, yaani isiyo na uwezo mkubwa wa kuzuia mlipuko huo, haihimili. Weka okteni inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Chomoa plagi za kuwashia petroli uzikague kwenye mwanga: ukiona chembe za alumini zinazong'aa juu ya kauri nyeupe, pistoni imeanza kuliwa, usiliendeshe tena. Pima na presha ya petroli. Pampu iliyochoka huwaponza wengi.

Mlio mzito unaosikika hata bila kukanyaga mafuta huenda ni beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kombo la injini. Zima, angalia oili.

Ukiwa mkwaruzo wa upande wa mkanda, vua mkanda wa supachaja, washa sekunde chache tu, maana baadhi ya magari hutumia mkanda huohuo kuzungusha pampu ya maji. Mlio ukipotea, tatizo liko upande wa mkanda huo, injini usiiguse.