Kioo na kioo: kwa mnaoanza kazi ya leza za mapigo mafupi

Kiswahili chetu kina kioo kimoja tu. Cha kujitazama ni kioo, cha dirishani nacho ni kioo. Ukiingia maabara ya leza za femtosekunde (sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde), vitenganishe kuanzia siku ya kwanza: kinachorudisha mwanga ni rafiki yako, kinachoupitisha kitakutesa.

Mimi kilinitesa siku mbili. Tulikuwa tunalenga mpigo, yaani mwako mfupi wa mwanga wa leza, wa femtosekunde 10 ndani ya gesi ya agoni ili tupate mapigo ya atosekunde (atosekunde ni sehemu ya elfu ya femtosekunde). Jana yake mwanga ulitoka vizuri, asubuhi giza tupu. Nikapandisha presha ya gesi, nikaishusha, nikasogeza lenzi ya kamera, nikamlaumu aliyetumia meza kabla yangu. Kumbe usiku, kabla sijaondoka, nilikuwa nimepachika kipande cha kioo cha silika, unene sentimita 1, niibe mwanga kidogo wa kupeleka kwenye kamera. Kisafi hata hukioni. Mpigo uliingia na femtosekunde 10, ukatoka na kama 100.

Mpigo mfupi hauwezi kuwa wa rangi moja. Huo wa 10, wenye rangi zinazozunguka urefu wa wimbi wa nanomita 800 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), unabeba upana wa nanomita 90 na ushei. Ndani ya kioo, mawimbi marefu hutangulia na mafupi huchelewa, mpigo unavutika. Nishati karibu yote ipo, lakini kilele cha nguvu yake kimeshuka mara kumi. Na agoni inataka kilele cha wati trilioni 100 hivi kwa sentimita ya mraba: hapo ndipo elektroni hung'olewa kwenye atomu, husukumwa na wimbi, kisha hurudi kugonga kwao na kutema ule mwanga tunaoutafuta. Chini ya hapo utakesha bure.

Ajabu, kuvutika huko huko ndiko kulikotufikisha hapa. Mwaka 1985, Donna Strickland na Gérard Mourou, pale Rochester, Marekani, waliurefusha mpigo makusudi, wakaukuza, ndipo wakaubana. Bila hivyo ungeunguza kikuzaji chenyewe, kile kifaa kinachouongezea mpigo nguvu. Wakapata Nobeli 2018. Kwa hiyo kioo hukikimbii, unakihesabu: kila milimita daftarini, pamoja na dirisha la chemba yenye gesi.

Jingine ni macho, na hapa hakuna mzaha. Nanomita 800 utaziona kama kidoa chekundu hafifu. Usikiamini, jicho linaona sehemu ndogo mno ya kilichopo. Vaa miwani, vua saa na pete. Bisibisi ikianguka, fumba macho ndipo uiname.

Siku hizi sifungui silinda ya agoni kabla ya kupima urefu wa mpigo. Napimia pale mbele ya chemba, si kwenye mdomo wa leza, maana kioo changu kilikuwa kimekaa katikati ya hapo na hapo.