Droni na upepo wa ziwa: jibu kwa ndugu wa harusi ya Kendu Bay

Ndugu uliyeuliza, nimesoma maelezo yako: droni ndogo ya gramu 249, harusi Kendu Bay, ufuoni mwa Ziwa Victoria, saa tisa alasiri, mteja anataka picha za juu za maharusi wakiwa kwenye mashua, nawe unahofia upepo. Hofu yako ina msingi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipiga picha za angani za harusi, matanga na mashamba, kuanzia Nakuru mpaka Homa Bay, na swali ninalotanguliza kila mara ni moja: nikiipeleka kule, itaweza kurudi?

Nasema hivyo kwa sababu kusimama angani hakukuambii kitu. Droni za siku hizi hutulia hata upepo ukivuma, picha kwenye skrini haitikisiki, na unasahau kwamba mota zinafanya kazi ya punda. Taabu huanza unapoigeuza. Chukua DJI Mini 3. Mtengenezaji anasema inahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 38 kwa saa, na kasi yake ya juu kwenye modi ya spoti ni mita 16 kwa sekunde hewa ikiwa tulivu. Sasa iweke umbali wa mita 600, upepo wa mita 11 ukiipiga usoni. Inabakiwa na mita 5 kwa sekunde. Safari ambayo ingechukua sekunde 40 hivi inakuwa dakika 2, mota zikizunguka kwa nguvu zote na betri ikishuka huku unaiona. Kwenye modi ya kawaida inaweza hata isisogee.

Halafu kuna jambo la kimo. Utabiri unaousoma kwenye simu kwa kawaida ni wa upepo wa mita 10 kutoka ardhini. Kule juu, mita 80 au 100, upepo huwa mkali zaidi, maana hakuna miti wala nyumba za kuupunguza. Ukiona miti midogo inayumba yote, si majani peke yake, ujue hapo chini tayari umefika kilomita 30 kwa saa au zaidi. Mimi sirushi droni ndogo kama hiyo yako hali ikiwa hivyo, mteja aseme asemavyo.

Sasa tuje kwa ziwa, maana hapo ndipo swali lako lilipo. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na ile ya ziwani huingia kujaza nafasi. Asubuhi mapema huwa shwari. Kuelekea adhuhuri upepo huanza kuingia kutoka ziwani, na alasiri huwa na nguvu. Usiku hugeuka, ukavuma kutoka nchi kavu kwenda majini. Wavuvi wa tanga wameujua mwendo huu tangu zamani: mmoja huwatoa, mwingine huwarudisha. Ukitaka ushauri mzuri kuhusu ufuo usioufahamu, waulize wao kabla ya kufungua programu yoyote ya hali ya hewa.

Kwako wewe, upepo wa kutoka ziwani una faida ambayo wengi hawaioni. Ukisimama ufuoni na kuipeleka droni juu ya maji, inakwenda ikipambana na upepo betri ikiwa imejaa, na inarudi ikisukumwa betri ikiwa imepungua. Ndivyo inavyotakiwa iwe popote pale: anza kwa kwenda upepo unakotoka. Kinachopoteza droni nyingi ni kinyume chake. Mtu anaiachia iende na upepo kwa raha, anafurahia mwendo, kisha anataka kugeuka.

Hatari halisi ya alasiri ni mvua ya radi. Mawingu hujengeka juu ya nyanda za juu, upande wa Nandi, Kericho na Kisii, kisha mengi husogea kuelekea ziwani. Kabla mvua haijafika, hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu hutangulia, na inaweza kufika wakati mvua yenyewe iko mbali kilomita kadhaa. Sasa fikiria: ule upepo wa ziwani uliokuwa ukikusaidia kurudi unakatika, na kwa dakika chache unakuja mwingine kutoka nchi kavu, mkali kuushinda, unaoisukuma droni katikati ya ziwa. Kwa hiyo nikifanya kazi ufuoni alasiri, huwa na mwenzangu ambaye kazi yake ni kutazama nyuma yetu, upande wa milima. Akiona wingu jeusi lenye kichwa kipana, au vumbi linainuka barabarani, au akihisi ubaridi wa ghafla shingoni, ananiambia nami naishusha hapo hapo. Hakuna kumalizia picha.

Kuhusu mashua: usirushe ukiwa ndani yake kama unaweza kusimama ufuoni. Droni hukumbuka mahali ilipopaa, na mashua haikai pale. Ukibonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, itarudi kwa uaminifu kabisa mpaka ile sehemu ya ziwa ambako mashua ilikuwa, na kutua majini. Tena usiishushe karibu sana na mawimbi, kwa kuwa vihisi vya chini vinavyosoma ardhi huchanganywa na maji yanayosogea.

Nakuru mambo ni tofauti, na nayagusia kwa sababu umesema una kazi huko pia. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Menengai, mlima wa volkeno wenye kreta (shimo kubwa) juu yake, inafika mita 2,278. Hewa huko ni nyepesi, pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano pale juu ukilinganisha na pwani, hivyo propela hazipati cha kusukuma kama kawaida na akiba ya nguvu ya kupambana na upepo hupungua. Ukingoni mwa kreta, upande unaopigwa na upepo hewa hupanda, na upande wa pili hushuka kwa kujipindapinda. Nimeiona droni yangu ikipoteza kimo pale bila mimi kugusa rimoti, mota zikilia, nami nikaitoa upande ule mara moja. Kumbuka pia kwamba kimo unachokisoma kwenye skrini kinahesabiwa kutoka ulipopaa. Ukiivusha ukingo, skrini inaweza kuonyesha mita 50 huku sakafu ya kreta iko mamia ya mita chini, na kikomo cha kanuni za Kenya za mwaka 2020 ni futi 400 juu ya ardhi. Miezi ya kiangazi kuna visulisuli vya vumbi vilevile. Usipite juu yake hata kikionekana kidogo.

Vibali nitavitaja kwa ufupi: Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza, na hifadhi za wanyama kama Ziwa Nakuru zinahitaji ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ukipata kazi Kisumu mjini, uwanja wa ndege uko ukingoni mwa ziwa, kwa hiyo usidhani ufuo wa pale ni kama wa Kendu Bay.

Siku yenyewe fanya jaribio hili. Kagua propela kwa kidole, ukihisi mkwaruzo badilisha. Toa vikinga propela, vinakamata upepo. Paa mpaka kimo cha kazi, ielekeze upepo unakotoka, sukuma mpaka mwisho kwenye modi ya kawaida na usome kasi. Ikiwa haifiki nusu ya kasi yake ya kila siku, shusha. Ikifika, fanya kazi karibu, na mimi huanza kuirudisha betri ikiwa asilimia 50. Ukiona propela zinaingia kwenye picha, ni kwa sababu droni imeinamisha pua kuukabili upepo. Igeuze mgongo uelekee upepo na picha itasafika.

Ikikataa kurudi, usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani. Kitaipandisha kwanza mpaka kimo ulichokipanga, kwenye upepo mkali zaidi. Fanya kinyume: ishushe hadi juu kidogo ya miti au maji, washa modi ya spoti, nyoosha moja kwa moja. Kwenye modi hiyo vihisi vya kuzuia kugonga havifanyi kazi, kwa hiyo macho yako yawe juu yake wakati wote. Betri ikifika asilimia 20 na bado iko mbali, tafuta uwanja au shamba lililo karibu nayo, itue huko, hifadhi alama ya mahali kwenye ramani kisha uifuate kwa miguu. Shamba la mahindi linairudisha droni. Ziwa halirudishi.

Na mteja wako: mpigie leo, umwombe maharusi wapande mashua saa mbili asubuhi kwa picha za angani tu, kabla ya ibada. Wengi wamenikubalia nilipowaonyesha picha za asubuhi, maji yakiwa kama kioo. Akishikilia saa tisa, mwambie mapema kwamba picha za juu zitategemea upepo, na ziandikwe hivyo kwenye makubaliano. Kutua, chagua mahali peupe mbali na hema na watoto, elekeza pua kwenye upepo, ishushe bila kusitasita mita mbili za mwisho, na uzime mota mara tu inapogusa chini, kwa sababu upepo hupenda kuipindua pale pale.