Kumhamishia mtoto kwenye busta: mimi niliwahi, nikamrudisha

Dada, kwanza hongera, na Mungu akujalie ujifungue salama. Nimesoma swali lako mara mbili: binti ana miaka minne na miezi miwili, ana kilo 17, anadai kiti chake cha gari ni cha vitoto, na wewe ungependa kiti hicho akipate mdogo wake atakayezaliwa. Boksi la busta uliyoiona, yaani kile kikalio cha kumwinua mtoto ili afungwe na mkanda wa gari, limeandikwa kuanzia kilo 15, kwa hiyo unauliza kama umhamishe sasa hivi. Mimi nakuomba usubiri. Nitaeleza kwa urefu, maana mtoto wangu wa kwanza nilimhamisha akiwa na umri huohuo, na niliyoyaona njiani yakanifanya nimrudishe.

Alikuwa ametimiza miaka minne wiki hiyo, kilo 16 na kidogo. Muuzaji aliniambia minne ndio umri wenyewe, boksi nalo likasema kuanzia 15, nikaona hakuna la kuuliza zaidi. Siku za mwanzo alitulia kabisa. Wiki ya tatu tukawa na safari ya saa tatu. Baada ya saa moja nikatupa jicho kwenye kioo cha kati, kichwa chake sikioni. Alikuwa amelala na kuporomoka, mkanda wa juu umemkaa shingoni, ule wa chini umepanda hadi kitovuni. Nikaegesha, nikamweka sawa. Hazikupita dakika kumi, akarudi vilevile. Tulisimama mara nne. Mwishowe mke wangu akahamia nyuma, akamshikilia kwa mkono hadi tukafika, na sote wawili tulijua kwamba gari likigonga, mkono wa mtu hauwezi kumzuia mtoto.

Siku chache baadaye nikamkuta ameupitisha mkanda wa juu chini ya kwapa. Nilipomuuliza akasema unamkwaruza shingo. Sikumgombeza. Alikuwa mtoto wa miaka minne aliyepewa kazi ya mtoto wa miaka sita.

Hapo ndipo nilipokaa chini na vitabu vya maelekezo vya viti vyote viwili, nikaelewa jambo ambalo natamani ningelijua mapema. Kiti alichonacho binti yako kina mikanda yake chenyewe, ile inayopita mabegani, nyongani na kati ya miguu. Mikanda hiyo ndiyo inayomweka mahali pake, awe macho au usingizini, awe mtulivu au mtundu. Busta haimfungi mtoto. Inamwinua tu, ili mkanda wa gari umpite mwilini panapotakiwa. Kazi ya kubaki mahali hapo, kwa safari nzima, anaachiwa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo tunapouliza kama yuko tayari kwa busta, kilo ni sehemu ndogo ya swali. Tunauliza kama anaweza kuilinda nafasi yake dakika hadi dakika bila kukumbushwa, hata akisinzia.

Na nafasi hiyo si jambo la mapambo. Mkanda wa pointi tatu tulio nao kwenye magari, ule unaopita begani na nyongani, ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Unafanya kazi kwa kukamata mifupa migumu: mtulinga na kidari kwa juu, mifupa ya nyonga kwa chini. Sisi watu wazima tuna ncha za nyonga zilizojitokeza mbele, unaweza kuzigusa sasa hivi, na mkanda wa chini hunasa hapo usipande. Mtoto mdogo ncha hizo bado hazijajengeka vizuri. Akiegama au akiteleza mbele kidogo tu, mkanda unapanda tumboni, na tumboni hakuna mfupa wa kuupokea. Gari likigonga, nguvu yote inaishia kwenye utumbo, ini, bandama na uti wa mgongo wa kiunoni. Madaktari wa dharura wakiona alama ya mkanda tumboni mwa mtoto aliyetoka kwenye ajali, huchunguza ndani hata kama analia tu na anaonekana mzima. Nguvu yenyewe si ya kubeza: ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa na gari likagonga kitu kigumu, mwili usiofungwa unaendelea mbele kwa kasi ileile ambayo ungetua nayo chini ukianguka kutoka urefu wa karibu mita 10.

Sasa turudi kwa binti yako. Kabla ya kununua chochote, geuza kiti chake utafute lebo. Viti vingi vilivyopimwa kwa R44, kanuni ya zamani ya kimataifa ya viti vya watoto vya gari, vinaishia kilo 18, lakini viko vinavyofika 25, na vingi vinavyouzwa Marekani vinafika karibu 29. Hiyo namba ndiyo itakayokuambia umebakiwa na muda gani. Umri huu mtoto huongezeka takriban kilo mbili kwa mwaka, kwa hiyo kama kikomo chako ni 18 una miezi kadhaa tu, na kama ni 25 una miaka. Kisha mkalishe uangalie mabega: yakishapita tundu la juu kabisa la mikanda, kiti kimekwisha kwake hata kama kilo bado. Vilevile ncha za masikio zikifika ukingo wa juu wa mgongo wa kiti. Miguu kuning'inia, magoti kukunjana, au bibi kusema mtoto amebanwa, hizo si dalili za chochote. Mtoto anakunja miguu akiwa sakafuni siku nzima na halalamiki.

Namba ya kuanzia kwenye boksi la busta ndiyo inayowapoteza wazazi wengi, mimi nikiwa wa kwanza. Ile 15 maana yake ni kwamba chini ya hapo hairuhusiwi kabisa. Haisemi kwamba akifika 15 ni wakati wake. Angalia na urefu pia. Kwenye kanuni mpya ya R129, busta yenye mgongo inaanzia sentimita 100 na isiyo na mgongo inaanzia 125. Madaktari wa watoto wa Marekani nao wanashauri mtoto abaki kwenye mikanda ya kiti mpaka kikomo cha kiti kimfikie, ndipo aende busta, na akae kwenye busta mpaka afikie kama sentimita 145, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya miaka 8 na 12. Kwa hiyo busta haiendi popote. Ataikalia miaka mingi tu, hakuna anachokosa akichelewa kuianza.

Kuhusu mdogo wake, hakikisha kwanza kama kiti hicho kinapokea kichanga. Kichanga lazima atazame nyuma, R129 inadai hivyo angalau mpaka miezi 15 na kuendelea zaidi ya hapo ni bora, na viti vingi vya kutazama mbele haviwezi kugeuzwa. Huenda ukagundua kwamba hata ukimhamisha dada mtu, mdogo bado atahitaji kiti kingine. Kama kinageuka na kinapokea uzito wa kichanga, na hakijawahi kuwa kwenye ajali, mpe mdogo, lakini hela uliyotenga kwa busta usiinunulie busta tupu. Tafuta kile kiti cha aina mbili, chenye mikanda yake kwa sasa, ambacho baadaye mikanda hutolewa kikageuka busta yenye mgongo. Nilikosa kukijua kwa mtoto wa kwanza, nikanunua viti vitatu badala ya viwili. Soma vizuri mikanda yake inaishia kilo ngapi, maana hapo vinatofautiana sana, na kinachoishia 18 hakitakusaidia.

Mtoto wa pili nilimpima kwa njia nyingine. Alipokuwa na miaka mitano na nusu, kilo zinatosha na mabega yamekaribia kikomo, nilimweka kwenye busta gari likiwa limeegeshwa, nikamsomea hadithi kama nusu saa. Sikumwambia ni mtihani. Dakika ya nane aliinama kuokota mdoli, mkanda ukamtoka begani, akabaki hivyo. Nikamrudisha kwenye kiti chake bila maneno. Tukajaribu tena baada ya miezi mitatu, akafanya vizuri zaidi, tukaenda safari fupi mimi nimekaa kando yake na mama yao anaendesha. Nilichokuwa nakiangalia ni kama anauacha mkanda begani bila kuutupa nyuma ya mgongo au kwapani, kama kitu kikidondoka anakiacha, kama akigombana na kaka yake anagombana akiwa ameegemea, na kama bizimu anaiacha mpaka gari lisimame. Hayo aliyamudu akikaribia sita. Usingizi ndio uliokuwa wa mwisho. Kwa miezi kadhaa safari fupi alikaa kwenye busta, safari ndefu na za jioni alirudi kwenye mikanda, mpaka siku tuliyomwona amelala kichwa kimeegemea mbawa za busta na mkanda haujasogea. Alikuwa na miaka sita na miezi miwili. Wa tatu sasa ana mitano, kilo 19, yuko kwenye mikanda, na hatuna haraka.

Kwa sababu hiyo ya usingizi, busta yako ya kwanza iwe yenye mgongo. Mbawa zake zinashika kichwa, mgongo una kishikizo cha kuuongoza mkanda katikati ya bega mbali na shingo, na pembeni kuna kinga fulani. Isiyo na mgongo ni ya mtoto mkubwa, tena kwenye siti ya gari yenye kiegemeo kinachofika juu ya masikio yake.

Chunguza na gari lenyewe. Siti za katikati za magari mengi ya zamani zina mkanda wa kiunoni tu, na busta hairuhusiwi hapo kwa namna yoyote, maana hakuna cha kuzuia kifua. Kiti chenye mikanda yake mara nyingi kinaweza kufungwa na mkanda wa aina hiyo, soma kitabu chake. Hili peke yake lilitosha kunifanya nifurahi kwamba wa pili alichelewa, kwa sababu gari la babu yao lilikuwa hivyo. Busta ikiwa na ndoano za ISOFIX, zile zinazonasa kwenye vyuma vya siti ya gari, zinaishikilia busta isiteleze, mtoto anashikwa na mkanda wa gari. Isiyo na ndoano uifunge mkanda hata ikiwa tupu, vinginevyo breki kali huirusha. Mkanda wa chini upite chini ya vile vishikio vya mikono, ulale mapajani. Na koti nene livuliwe kwanza, kwa kuwa linaacha nafasi kati ya mkanda na mwili ambayo huioni.

Mtu mwingine anayembeba, babu, shangazi, jirani wa zamu ya shule, mfundishe kwa mikono, gari likiwa limesimama, mpaka afunge mwenyewe mbele yako. Mtoto anayekaa vizuri na wewe anaweza kukaa vibaya kabisa na asiyemsimamia.

Limebaki lile la kiti cha vitoto. Nadhani sisi wazazi ndio tunaolianzisha. Mimi nilikuwa namwambia wa kwanza kwamba akiwa mkubwa atapata busta, nikaifanya zawadi, na siku nilipomrudisha alilia kama aliyeshushwa darasa. Iliniuma sana, na sikuwa na wa kumlaumu. Kwa wadogo zake sikulisema tena hilo. Nilimwambia wa pili ukweli kwa lugha yake: mfupa wako wa hapa haujakomaa, nikamgusisha nyonga yake na yangu aone tofauti, na kiti hiki kinakushika badala yake. Alikuwa anawaeleza wageni. Tukampa na kazi ya kuvuta ule ugwe wa kukaza mikanda mwenyewe, halafu mimi nahakikisha kwamba siwezi kuifinya ikakunjana begani. Binti yako anakaribia kuwa dada mkubwa, unaweza kumpa kazi ya kumkagua mdogo wake kama amefungwa. Jaribu, wanaipenda.

Ukipata nafasi, andika hapa kikomo cha kilo kilichoko kwenye lebo, urefu wa binti, na kama mabega yako chini au juu ya tundu la mwisho. Nitakuangalizia jioni nikirudi.