Bata bukini kwa Kihindi-Kiulaya cha kale

Kuna anayesema hansa ya Kisanskriti (lugha ya kale ya India) na Gans ya Kijerumani, zote bata bukini, zimefanana kwa bahati tu. Hapana ndugu, ni neno moja, na wanaisimu wanalirudisha kwenye *ǵʰans- ya Kihindi-Kiulaya cha kale, lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India, hiyo nyota mbele maana yake halijaandikwa popote, limejengwa upya kwa kulinganisha lugha. Mi nilisoma isimu linganishi chuo na hili ndo lilinifanya niipende, kwa sababu hawaangalii kufanana wanaangalia utaratibu: bata bukini kwa Kisanskriti anaanza na h, Kilithuania ž (žąsis), Kigiriki kh (khēn), sasa chukua neno lingine kabisa la baridi, Kisanskriti hima ni theluji, ndo hiyo iliyo kwenye jina la Himalaya, Kilithuania žiema ni majira ya baridi, Kigiriki kheimōn vilevile. Sauti zilezile, mpangilio uleule, hiyo haiji kwa bahati. Goose ya Kiingereza nayo ilikuwa na n ikadondoka kabla ya s, angalia Kijerumani uns na Kiingereza us utaona kitu hichohicho.

Ila Kirusi kinasumbua, majira ya baridi ni zima kwa hiyo bata bukini angetakiwa aanze na z, lakini ni gus'. Wengi wanasema Waslavi (Warusi na ndugu zao wa lugha) waliliazima kutoka kwa majirani zao Wajerumani wa kale, au neno lao liliathiriwa na la majirani hao. Na maana nayo inayumba kidogo, hansa India mara nyingi anachukuliwa kuwa bata maji mweupe mwenye shingo ndefu.