Je, kikundi cha maombi kinaweza kumpunga pepo binti yetu?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Binti wa marehemu dada yangu, miaka 17, huanguka ghafla, akatetemeka, mate yakamtoka. Akizinduka hakumbuki kitu. Majirani hapa Ngamiani wanasema ana pepo, achezewe ngoma. Nimekataa. Sasa kikundi cha maombi kinataka kuja kukesha na kumpunga kwa ile sala ya Papa Leo XIII. Inaruhusiwa? Au nimwombe paroko?
*Mama mlezi, Tanga*

Jibu: Milele amina, mama. Kikundi kije kusali rozari, karibu sana. Kumpunga, hapana.

Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 haiachi mwanya: hapungwi mtu aliyepagawa bila ruhusa maalumu na ya wazi ya askofu wa mahali, na hupewa padre tu, mchaji, mwenye elimu, busara na maisha manyofu. Kwa hiyo paroko wako, kwa upadre wake peke yake, hawezi. Hata mimi siwezi. Na sala ya Leo XIII, barua ya Roma kwa maaskofu ya tarehe 29 Septemba 1985 ilisema waamini hawaruhusiwi kuitumia kumpunga shetani, si kipande wala yote. Barua hiyohiyo inawakataza wasio na ruhusa kuongoza mikutano ya kusemeshana na pepo na kumtafuta jina.

Hapo penye jina nakuomba tukae kidogo, maana sisi watu wa Pwani tumekulia humo. Kwenye ngoma, pepo akishapanda huulizwa ni nani, katoka wapi, anataka nini. Atadai chano, ubani, nguo, na kiti wake, yaani mtu aliyepandwa, ataishi akimtimizia. Ni mapatano. Kanisa halipatani na pepo. Ibada ya kupunga iliyotolewa upya mwaka 1999 kwanza humwomba Mungu. Maneno ya kumwamuru shetani atoke yanaweza kufuata, ila hayasomwi peke yake. Tena hufanyika faragha, bila umati wala kamera. Nimeshuhudia watu wamevaa rozari wakifanya kilekile cha ngoma: "Wewe nani? Nani kakutuma?" Binti aliyekeshwa hadi alfajiri atajibu lolote ili waache, na mara nyingi atamtaja shangazi au jirani. Ukoo mzima ukawa hausalimiani.

Padre mwenye ruhusa huangalia dalili kama kusema lugha asiyoijua, kufichua yaliyositirika, nguvu zisizolingana na umri, kuchukia mno vitu vitakatifu. Hata akiziona, hushauriana na wataalamu wa tiba. Katika uliyoniandikia sioni hata moja. Naona dalili ambazo daktari ataanza kwa kuuliza kuhusu kifafa, na kifafa kina dawa.

Mpeleke hospitali ya Bombo wiki hii. Andika kila anapoanguka: saa ngapi, dakika ngapi, mtu amrekodi kwa simu, video hiyo aione daktari peke yake. Akianza dawa, asizikatishe kwa sababu ya mfungo au mkesha wowote. Paroko mwite ambariki na amletee Komunyo, hilo halihitaji ruhusa ya askofu. Na akianguka tena, msimkandamize, msimtie kijiko mdomoni. Mtetemeko ukiisha mlazeni ubavu. Ukizidi dakika 5, tafuteni gari.