Usiikimbilie alfa: kwa anayeanza kupima hojaji za maumivu

Ukipewa hojaji ya maumivu sugu ya mwili mzima uipime uhalali wake, utatamani kuanza na alfa ya Cronbach, maana kompyuta huitoa mara moja. Ikija 0.90, karibu na kilele chake cha 1, usishangilie. Alfa inakwambia maswali yanaenda pamoja, basi. Kama yanapima maumivu, uchovu au huzuni, haikwambii. Tena uliza jambo moja kwa njia kumi uone itakavyopanda.

Anza na watu. Chukua FIQR, hojaji ya fibromyalgia (ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima) iliyotoka mwaka 2009: maswali 21, kila moja 0 hadi 10, yote kuhusu siku 7 zilizopita. Tisa ya mwanzo ni ya shughuli: kuchana nywele, kupika, kufagia, kupanda ngazi, kutandika shuka. Asiyeweza kabisa hupewa 10. Sasa kaa na bibi wa Kisauni, Mombasa, umuulize kufagia kunamtaabisha kiasi gani. "Mie sifagii, mwanangu. Mkaza mwanangu yupo." Msaidizi mwenye haraka ashaandika 10. Bibi hajasema hawezi. Amesema hana haja. Maelekezo ya hojaji yanataka aulizwe mara ya mwisho alipofagia ilikuwaje. Hiyo 10 ikishaingia, hakuna hesabu itakayoifichua.

Halafu kuna adabu. Mama anaulizwa maumivu yakoje, anajibu "Alhamdulillahi", anachagua 3. Mpe dakika mbili za mazungumzo na utasikia hajapata usingizi wiki nzima. Hakudanganyi, ila kunung'unika mbele ya daktari kwake si jambo jema. Ndiyo maana napendelea anayeuliza asiwe daktari wake, na kwa akina mama awe mwanamke. Baada ya kila jibu uliza: "Ulikuwa wafikiria nini ulipochagua hiyo tatu?" Andika kwa maneno yake mwenyewe, na uendelee na wengine mpaka usisikie jipya. Kwangu mimi kurasa hizo zina uzito kuliko jedwali lolote, ingawa wasimamizi wengi hurukia jedwali.

Ukifika kwenye takwimu, andika matarajio yako kabla ya kukusanya data: alama ziambatane sana na kipimo kingine cha athari za maumivu, na kidogo zaidi na kipimo cha huzuni. Usitarajie FIQR itenganishe fibromyalgia na viungo vinavyouma baada ya chikungunya, ile homa ya mbu iliyotupiga Mombasa mwaka 2017 na 2018. FIQR hupima mzigo wa ugonjwa. Utambuzi una vigezo vyake. Vile vya fibromyalgia vya 2016 vinataka maumivu katika sehemu 4 kati ya 5 za mwili, na dalili zilizodumu angalau miezi 3.

Ukirudia hojaji kwa watu walewale uone kama majibu yanatulia, acha wiki moja au mbili katikati, na uwaulize kama hali imebadilika. Usivuke mwezi wa Ramadhani. Usingizi, chakula na saa za kazi hugeuka, alama zikayumba, nawe ukailaumu hojaji bure.

Vibali viombe mapema: kamati ya maadili, NACOSTI (tume ya taifa ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti), hospitali yenyewe, pamoja na ruhusa ya wenye hojaji, ambayo wanafunzi wengi huikumbuka data zikiwa zishakusanywa.