Maswali ya Wasomaji: Mshahara Wangu Unapokelewa na Mkopeshaji

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina mke na watoto watatu. Baada ya makato yote, pamoja na rejesho la mkopo wa benki ambalo limenifikisha kwenye theluthi ya mshahara, kinachoingia kwenye akaunti yangu ni shilingi 420,000. Miezi minane iliyopita tulipata msiba, nikachukua shilingi 600,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, ile mikopo tunayoiita kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, nikamwachia kadi ya benki na namba ya siri. Kila mshahara ukitoka, yeye ndiye anayeutoa. Anakata 120,000 yake na kunikabidhi kilichobaki. Ili kuziba pengo nimekopa 90,000 kwenye programu ya simu, ambao sasa wanawatumia ndugu zangu na mwalimu mkuu ujumbe wa kunidhalilisha. Kikoba kinanidai 200,000, na dukani kwa Mangi daftari linasoma 70,000. Mke wangu anajua la Mangi tu. Nina kiwanja nje kidogo ya mji ambacho hatujakijenga. Nianze na nani?

JIBU: Mwalimu, swali lako lina jibu ambalo huenda hukulitarajia, kwa sababu anayekupigia kelele zaidi leo ni wa programu ya simu, ilhali anayekumaliza ni yule aliyenyamaza na kadi yako mfukoni. Hesabu ni hii: kwa miezi minane umekwisha kumlipa shilingi 960,000, na deni la 600,000 liko palepale, halijapungua hata senti, kwa kuwa ulichokuwa ukilipa ni riba peke yake. Asilimia 20 kwa mwezi ni asilimia 240 kwa mwaka. Hata ukilipa kwa uaminifu mpaka ustaafu, kwa mpango huo hutamaliza.

Kanuni ya kumwachia mtumishi theluthi ya mshahara iliwekwa ili familia isilale njaa kwa sababu ya makato, lakini kanuni hiyo hufanya kazi kwenye hati ya mshahara, kabla fedha hazijaingia benki. Mkopeshaji wako ameizunguka kwa kushika kadi, na kwa hiyo theluthi iliyopaswa kulindwa ndiyo anayoila. Jambo la kwanza, basi, kabla ya kumlipa yeyote, ni kuurudisha mshahara mikononi mwako. Nenda kwenye tawi la benki yako ukiwa na kitambulisho, omba kadi ya zamani ifungwe, upewe mpya na namba mpya ya siri ambayo hataijua mtu mwingine. Huko si kukimbia deni, na ili lisionekane hivyo, siku hiyohiyo mwandikie mkopeshaji barua kwamba deni unalitambua, unaomba mchanganuo wa maandishi wa kile ulichokopa na kile ulicholipa, na kwamba kuanzia sasa utalipa mwenyewe kwa stakabadhi. Nakala ibaki kwako, na barua ipelekwe mbele ya shahidi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anafaa.

Katika barua hiyo muulize pia leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna hii, hata akiwa mtu mmoja mwenye meza na daftari, awe na leseni ya daraja la pili kutoka Benki Kuu ya Tanzania, na kukopesha bila leseni ni kosa. Asiyekuwa nayo huwa mpole ghafla anapoulizwa, na hapo ndipo pa kujadiliana ili riba isimame na mlipane kilichobaki kwa mafungu. Binafsi sishauri mtu adhulumu fedha aliyoipokea kwa mkono wake, lakini kwa kiasi ulichokwisha kulipa una haki ya kukaa mezani ukiwa umeinua kichwa. Mwenye leseni naye ana pa kushtakiwa: malalamiko huanzia kwake kwa maandishi, na usiporidhika unayapeleka Benki Kuu.

Fedha ya kumalizia itoke wapi? Benki haiwezi kukuongezea mkopo kwa kuwa umefika kwenye theluthi. Kama ni mwanachama wa SACCOS na una akiba, ulizia huko, maana deni la riba nafuu linaloua deni la asilimia 20 kwa mwezi ni miongoni mwa mikopo michache ninayoweza kuitetea, mradi fedha ipite moja kwa moja kwa mkopeshaji na isilale nyumbani hata usiku mmoja. Ikishindikana, uza kiwanja. Najua kinauma, na najua utaambiwa ardhi haiozi. Lakini hakuna kiwanja pembezoni mwa Morogoro kinachopanda bei kwa asilimia 240 kwa mwaka. Usikiuze kwa haraka, wala usimuuzie mkopeshaji mwenyewe, ambaye mara nyingi ndiye mnunuzi wa kwanza kujitokeza na ndiye mwenye bei mbaya kuliko wote.

Kuhusu programu ya simu, angalia kwanza kama imo katika orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yasiyo na leseni ambayo Benki Kuu iliitangaza Novemba 2024. Iwe imo au haimo, hakuna deni linalompa mtu ruhusa ya kuchukua namba za ndugu zako na kuwatangazia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda, na Tume iliyoundwa na sheria hiyo hupokea malalamiko. Hifadhi picha za ujumbe wote kabla hujafuta chochote, kisha mweleze mwalimu mkuu kwa mdomo wako. Ujumbe wao una nguvu kwa sababu ya siri tu.

Na siri ndiyo inayonipeleka kwa mama watoto. Kiwanja hakiwezi kuuzwa bila yeye kujua, kwa hiyo mazungumzo hayo hayakwepeki. Afadhali ayasikie kwako kuliko kwenye simu ya shemeji yake. Mwoneshe karatasi yenye madeni yote kwa pamoja. Mume anayetoa deni moja leo na jingine wiki ijayo huumiza mara mbili, na mke hubaki akisubiri la tatu. Kisha pangeni naye matumizi, kwa sababu yeye ndiye anayejua unga unaisha tarehe ngapi. Mkinunua unga, mchele na maharage ya mwezi mzima siku mshahara unapoingia, mtapunguza ile bei ya kupimiwa dukani, na daftari la Mangi halitajaa tena. Kikoba waombe muda. Ni watu mnaoonana kila wiki, na faida ya riba yao hurudi kwenu wanachama mnapogawana.

SWALI: Nimegundua kwamba mume wangu amekopa na kuweka nyumba tunayoishi kuwa dhamana. Sikuulizwa wala sikusaini. Wanaweza kuiuza? (Mama, Tanga)

JIBU: Mama, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa hiyo kwenye rehani. Rehani yenyewe, kwa hiyo, inaweza kupingwa, ingawa deni linabaki kuwa la mume wako. Chunguza mapema kama alijitambulisha kwa mkopeshaji kuwa hana mke, kwa sababu mkopaji ndiye anayetakiwa kueleza kama ana mwenzi, na kiapo cha uongo hufanya kesi iwe ndefu. Usisubiri dalali abandike tangazo ukutani. Kama nyumba ina hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama ina karatasi za mauziano tu, mwandikie mkopeshaji barua ya kupinga, nakala kwa ofisi ya mtaa. Wasaidizi wa kisheria watakuandikia barua hiyo bila malipo. Nenda na cheti cha ndoa, au kama hamna cheti, mashahidi wawili waliohudhuria.